Picha moja ya mahafali, fremu, profaili na stetasi: mimi nakata hivi

Mkuu umeuliza mteja wako wa mahafali anataka picha ileile iende kwenye fremu ya inchi 8 kwa 10, profaili ya WhatsApp na stetasi, na kila ukikata ikae vizuri huku inaharibika kule. Usihangaike kutafuta kata moja, hakuna. Faili la kamera liache zima kama lilivyo, alafu kila kazi itengenezee kopi yake.

Nina studio ndogo hapa Morogoro mwaka wa tisa sasa na hili nimelijua kwa machungu. Nilipiga familia moja, watu 14, nikawajaza kwenye picha ukingo mpaka ukingo maana niliona nafasi tupu ni uzembe, mama mwenyewe akaagiza 8 kwa 10. Sasa kamera zetu nyingi hizi zinatoa umbo la 3 kwa 2, ukisafisha, yaani ukichapa kwenye karatasi, bila kukata kitu unapata 4 kwa 6 au 8 kwa 12, kwahiyo ukitaka 8 kwa 10 lazima inchi 2 ziondoke, na mimi nikatuma faili likasafishwe bila kukata mwenyewe, mashine ikajikatia inchi moja moja kila upande. Bibi yao alikuwa amekaa mwisho kabisa kushoto. Picha imerudi bibi ana nusu uso. Nilisafisha upya 8 kwa 12 na fremu nikanunua mimi, ila yule mama alivyonyamaza baada ya kufungua bahasha sijasahau mpaka leo.

Toka hapo namuuliza mteja picha inaenda wapi kabla sijashika kamera, na nikipiga narudi nyuma hatua mbili.

Kwa huyo wako, ya fremu usikate kwenye kiungo, yaani goti au kifundo cha mkono, mtu anaonekana kama kakatwa kweli, kata katikati ya paja ndo panakaa vizuri. Profaili unaiweka mraba lakini watu wanaiona duara, kona zote 4 zinaondoka, na ile kofia ya mahafali ina pembe kwahiyo acha nafasi ya kutosha juu na pembeni. Stetasi ni 9 kwa 16 wima, na kama picha ni ya kulala usiilazimishe, kwenye faili la pikseli 6000 kwa 4000 (pikseli ni vile vidoti vidogo vinavyounda picha) unabaki na kipande cha upana wa pikseli 2250 tu, zaidi ya nusu ya picha imekwenda. Piga nyingine wima, ni sekunde moja.

Alafu pikseli, hapa ndo wengi tunaumia. Kusafisha vizuri tunahesabu pikseli 300 kwa inchi, 8 kwa 10 inataka 2400 kwa 3000. Mwaka jana alikuja kijana amefiwa na baba yake, ana picha ya kundi ya harusi aliyotumiwa WhatsApp, anaomba nimkate mzee peke yake tuweke kubwa mbele ya jeneza. Uso wote ulikuwa kama pikseli 300, yaani inchi moja safi, zaidi ya hapo unaanza kuona ukungu. Nilimwambia ukweli pole pole, nikakata pana, mzee na bega la mtu wa pembeni likabaki, tukasafisha 5 kwa 7 ikakaa mezani na maua. Sikutaka kumtoa mzee wa watu na uso uliovurugika siku ile.

Baadae tukamtafuta aliyepiga ile harusi, bahati nzuri faili la kamera analo na hajaligusa. Humo uso ulikuwa na pikseli zaidi ya 1000. Nikamkata mzee peke yake nikasafisha A4, mama yao ameitundika sebuleni.