Unataka kufungasha eneokazi la Linux? Anza na maktaba isiyoonekana

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chake Chake aliniandikia baada ya kuziona kompyuta za maabara ya skuli yao: "Assalaam aleikum mwalimu. Na mimi nataka kutengeneza Linux yangu, yenye jina langu na sura ya kwetu. Nianzie wapi?" Aliambatanisha picha za skrini zenye mandhari ya pwani na nembo aliyoichora mwenyewe, na kusema kweli nembo hiyo inapendeza kuliko yangu. Nilimjibu kwa ufupi. Hapa namjibu kwa urefu, kwa sababu najua wengi wenu mnayo hamu hiyo hiyo.

Alichokiona pale skuli ni Xfce 4.20, eneokazi (yaani paneli, madirisha na menyu anazoziona mtumiaji), juu ya Debian 12, mfumo mmojawapo wa Linux. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na Xfce 4.18, na toleo likishatangazwa kuwa imara, vifurushi vyake (programu zilizoandaliwa tayari kusakinishwa) havipandishwi daraja ila kwa marekebisho ya kasoro na usalama. Xfce 4.20 ilipotoka Desemba 2024, aliyeitaka alikuwa na njia mbili: kungoja Debian 13, iliyokuja Agosti 2025, au kuifungasha mwenyewe, yaani kutengeneza vifurushi vyake kutoka kwenye msimbo. Mimi sikungoja. Moyo wangu ulipenda zaidi LXQt 2.1, eneokazi jingine, lakini hiyo inadai Qt mpya kuliko 6.4 iliyomo katika Debian 12. Qt ni maktaba, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia kuchora madirisha na vitufe, na kuipandisha Qt ni kugusa mamia ya programu zinazoitegemea. Xfce hutumia GTK 3, maktaba ya aina hiyo hiyo, ambayo tayari ilikuwapo. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua eneokazi, tazama linasimama juu ya nini.

Eneokazi si programu moja. Ni kundi la vifurushi vinavyotegemeana, na mpangilio wake ndio kazi yenyewe. Unaanza na libxfce4util, maktaba ya msingi, unakuja kwenye xfconf inayohifadhi mipangilio, kisha maktaba nyingine: libxfce4ui, garcon ya menyu na exo. Ndipo unapofika kwenye vile ambavyo mtumiaji anaviona, yaani paneli, Thunar ya mafaili, xfwm4 ya madirisha na xfdesktop ya mandhari. Ukitaka kuanza na paneli kwa sababu ndiyo inayopendeza, haitajengeka. Katika 4.20 paneli inahitaji pia libxfce4windowing, maktaba inayoiwezesha kuzungumza na madirisha kwa namna moja, iwe chini ya X11 au Wayland, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini. Debian 12 haikuwa nayo kabisa, kwa hiyo ilibidi niifungashe kama kitu kipya.

Hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Mtu anajenga kifurushi katika kompyuta yake mwenyewe, ambayo kwa miezi imekwisha kujaa maktaba za kila aina, na kinajengeka vizuri. Akimpa mwenzake msimbo ule ule, unakwama, kwa sababu katika faili la debian/control, kwenye mstari wa Build-Depends unaoorodhesha vinavyohitajika wakati wa kujenga, hakutaja libxfce4windowing-dev. Kompyuta yake ilikuwa nayo kimya kimya. Dawa yake ni sbuild, inayofungua kila mara mazingira matupu ya Debian, ikasakinisha yale tu uliyoyataja, ikajenga, kisha ikayafuta. Ni kazi ya polepole, na umeme ukikatika katikati unaanza upya, lakini kifurushi ambacho hakijapita kwenye sbuild mimi sikiiti kifurushi. Baada ya hapo kipitishe kwenye lintian, inayokagua makosa ya ufungashaji, na usome kila onyo, hata lile linaloonekana la kipuuzi.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Wakati mimi nahangaika na maktaba, kundi moja ambalo sitalitaja lilitoa "Linux ya Zanzibar" iliyokuwa Debian ile ile yenye mandhari nyingine na nembo nyingine. Wakapigiwa makofi ukumbini, nami nilikuwa viti vya nyuma. Lililonikera zaidi halikuwa makofi. Vifurushi vyao walivipa namba ya toleo inayoanzia na "1:", ili visije vikafunikwa na vya Debian. Kwa apt, programu ya Debian inayoleta na kusasisha vifurushi, alama hiyo hushinda namba yoyote isiyokuwa nayo. Skuli moja ya Wete ilipopanda kwenda Debian 13, apt iliing'ang'ania paneli yao ya 4.18, kwa sababu 1:4.18 kwa hesabu yake ni kubwa kuliko 4.20, na viongezo vipya vilivyodai paneli ya 4.20 au zaidi vilikubaliwa kana kwamba sharti limetimia, kisha vikashindwa kufunguka. Simu ikaja kwangu.

Vya kwangu niliviandika 4.20.0-1~znz1. Alama hiyo ya wimbi inamwambia dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, kwamba toleo hili ni dogo kuliko 4.20.0-1 halisi, kwa hiyo Debian 13 ilipofika na Xfce yake ya 4.20, vifurushi vyangu vilipisha bila ugomvi na hakuna mwalimu aliyegundua kwamba kuna kilichobadilika. Sioni haya kusema kwamba naionea fahari alama hiyo kuliko kazi yangu nyingine yoyote. Mashine za biti 32 zimebaki kwenye Debian 12, kwa kuwa Debian 13 haitoi tena kisakinishi wala kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa ajili yake, na hizo ndizo bado zinazoendeshwa na vifurushi vyangu.

Kuhusu sura ya kwetu: kila mtu alitaka picha ya Beit al-Ajaib ikiwa kamili na mnara wake wa saa, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020. Picha nzuri ilipatikana, ikizunguka katika simu za watu, na hakuna aliyejua mpigaji wake ni nani. Faili la debian/copyright linakutaka utaje mwenye haki na leseni ya kila kilichomo, na kwa picha ile ningeandika nini? Niliikataa, nikaambiwa nina kiburi. Mwisho tuliweka picha aliyoipiga mwanafunzi mwenyewe pale Forodhani, akatia saini kwamba anaitoa kwa leseni huria. Ndugu zangu, msimbo wa Xfce tumepewa na watu walioanza kuuandika tangu 1996 na wakaacha majina yao katika kila faili. Nasi tukishindwa kulinda jina la mpiga picha wa mtaani kwetu, tusijiite watu wa programu huria.

Mandhari, nembo na mipangilio iwekwe katika kifurushi chake pekee, wala usihariri mafaili ya kifurushi cha mwingine. Ukihamisha faili kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine, andika Breaks na Replaces (mistari inayosema kwamba kifurushi kipya kinachukua faili la kile cha zamani) pamoja na namba ya toleo, la sivyo dpkg itagoma katikati ya usasishaji ikilalamika kwamba faili hilo lina mwenyewe. Hazina ya vifurushi itie saini kwa ufunguo wako wa kidijitali. Kwa skuli zisizo na intaneti, hazina nzima huingia katika fleshi moja na kupanda boti hadi Mkoani; apt husoma kutoka humo kama inavyosoma kutoka mtandaoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Chake Chake, nembo yako iweke kando kwanza. Chukua libxfce4util peke yake, uijenge katika sbuild mpaka ipite bila kosa, kisha niletee kumbukumbu nzima ya ujenzi nikusomee. Picha za skrini usinitumie tena kwa sasa.