Re: SEC ni ligi ya mpira tu, na imekuaje hadi timu 16?

Mkuu, umeuliza kama SEC (Southeastern Conference) ni ligi ya futiboli ya Kimarekani tu, na imefikaje timu 16. Hapana, ni umoja wa vyuo vikuu vya Marekani, na vinashindana hata kwenye kuogelea, besiboli na riadha. Futiboli ndiyo inayoleta pesa, ndiyo maana huisikii mingine.

Ulianza Desemba 1932 mjini Knoxville, Tennessee, vyuo 13 vya Kusini vilipojitoa kwenye umoja wa zamani. Baadhi yake vikaondoka baadaye, vikabaki 10. Mwaka 1991 Arkansas na South Carolina wakaingia, idadi ikafika 12, na hapo ndipo mambo yalipogeuka: kanuni iliruhusu umoja wa timu 12 kugawanyika makundi mawili na kucheza fainali. Ya kwanza ilipigwa Birmingham, Alabama, mwaka 1992. Ngoma ikiwa 21-21, dakika zinayoyoma, Antonio Langham wa Alabama akainasa pasi ya Florida na kukimbia nayo yadi 27 hadi mwisho wa uwanja. 28-21! Vyama vingine vya vyuo vikaiga fainali hiyo.

Missouri na Texas A&M wakaja 2012, Texas na Oklahoma 2024, zikafika 16. Kuanzia msimu wa 2006 hadi 2012, mabingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo wote 7 walitoka SEC.

Binafsi nafuatilia zaidi riadha. Mkenya Doris Lemngole, akiwakilisha Chuo Kikuu cha Alabama, alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani mwaka 2024. Tafuta video yake ya mbio za kuruka viunzi na maji, mkuu, utaisahau futiboli.