Waendesha baiskeli Nairobi ni wachache kwa sababu barabara zinatisha

Ndugu aliyeuliza kwa nini tuwanyime magari nafasi tuwape waendesha baiskeli ilhali ni wa kuhesabika, nakujibu kama mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli kwa miaka mingi sasa, kutoka Donholm hadi Industrial Area.

Siku moja simama Likoni Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uangalie. Utawaona wapakiaji wa magodauni, mafundi wa kuchomelea, walinzi wanaotoka zamu ya usiku. Wengi wako juu ya baiskeli nzito za black mamba zilizochakaa, wengine wana baiskeli za gia za mtumba. Hawa hawajatoka kufanya mazoezi. Nauli ya kwenda na kurudi inamla kibarua mshahara wake, na jioni mvua ikinyesha matatu zinapandisha bei wanavyotaka. Kwa hiyo watu wapo, ila ni wale ambao hawana njia nyingine. Walio na uwezo wa kuchagua wamekwisha kuogopa. Jirani yangu ana baiskeli nzima kabisa inayokaa ndani mwaka mzima kwa sababu mkewe amemkataza kuipeleka Jogoo Road, na mimi simlaumu mama huyo hata kidogo.

Kinachonitisha mimi kuliko vyote ni stejini. Matatu inakupita mbio, kondakta anagonga bodi, dereva anakata kushoto mbele yako ghafla. Kulia kwako ni ubavu wa gari, kushoto lami imemeguka na chini yake kuna mtaro ambao kifuniko chake kiliibwa zamani. Unafunga breki, na nyuma yako unasikia lori linapumua. Mahali kama hapo mstari wa rangi nyeupe hausaidii chochote. Dereva anaukanyaga na wala hahisi kitu kwenye usukani. Ukingo wa zege anauhisi, na anajua utamharibia tairi. Ndiyo maana mimi nasema barabara yenye magari mengi ikichorewa mstari tu, haijapata njia ya baiskeli.

Wako watakaosema tayari tumejengewa. Ni kweli, tunazo: Outer Ring Road ilipopanuliwa ilipata njia pembeni, Ngong Road vilevile, na katikati ya mji Kenyatta Avenue ilitengenezwa upya. Nazitumia na nashukuru. Lakini ziangalie kwa macho ya mtu aliye juu ya baiskeli. Unakwenda vizuri, kisha njia inakatika pale pale unapoihitaji zaidi, kwenye makutano na kwenye steji. Kwingine kuna nguzo ya stima katikati, au ukingo mrefu wa kukulazimisha ushuke ubebe baiskeli. Mwenye mzigo wa kreti nyuma hashuki, anarudi barabarani kati ya malori. Halafu mtu anapita na gari, anaona njia tupu, anasema hakuna mwendesha baiskeli.

Dawa yake inajulikana. Njia ipitishwe nyuma ya kibanda cha steji, ili abiria washuke kwenye kisiwa chao na baiskeli ipite bila kukutana na matatu. Kwenye mlango wa kituo cha petroli au godauni, gari ndilo lipande tuta kuifikia njia, baiskeli isishuke. Upana uwe mita mbili kwenda juu kwa kila upande, maana hapa kwetu kuna mikokoteni pia.

Kuhusu hoja kwamba bodaboda zitavamia njia hizo, naiheshimu kwa sababu nimesukumwa nazo mara nyingi. Nguzo za kuzuia hazitoshi, kwa kuwa panapopita baiskeli na pikipiki hupita. Wenye bodaboda wapewe steji zao rasmi, na askari wa kaunti wasimamie njia kwa bidii ile ile wanayofungia magari minyororo kwenye maegesho. Wachuuzi wanaopanga bidhaa njiani nao watengewe mahali pao penye wateja. Ukiwafukuza tu, kesho wamerudi.

Na nafasi? NACTO, chama cha maafisa wa usafiri wa miji huko Marekani, kinakadiria kwamba leni moja ya mita tatu iliyojaa magari ya binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Upana huo huo ukiwa njia ya baiskeli iliyokingwa, ya kwenda na kurudi, unaweza kupitisha hadi 7,500. Sevilla, kule Uhispania, walianza mwaka 2006 wakajenga mtandao wa kilomita zipatazo 80 kwa miaka michache, njia zikiwa zimeungana, na safari za baiskeli zikaongezeka takriban mara kumi. Mji huo una joto kali kuliko letu. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo hewa yetu ni ya ubaridi kiasi, na Eastlands, upande wa mashariki wa mji, ni tambarare.

Pesa je? Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu wanaotembea kwa miguu na baiskeli iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri. Nchi hii inazika zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka kwa ajali za barabarani, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Njia ya baiskeli iliyokingwa inamlinda mwenda kwa miguu pia, kwa sababu inamweka mbali zaidi na gari.

Mimi ningeanza na Jogoo Road kuelekea Likoni Road na Lunga Lunga, mahali ambapo waendesha baiskeli tayari wapo. Vikao vya maoni ya bajeti vikiitishwa wadi yako, nenda uulize hiyo asilimia 20 iko kwenye ukurasa gani. Wakikuonyesha mchoro wa barabara mpya, weka kidole kwenye steji, uwaombe wakuonyeshe baiskeli inapita wapi.