Wasomaji Wanauliza: Majivu, Magadi na Chupa Katika Glezi

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafanya kazi ofisini hapa Moshi, na tangu mwaka jana ninatumia siku za mwisho wa juma kujifunza ufinyanzi. Udongo ninaupata kwa wachoma matofali wa njia ya Kahe, ninafinyanga mabakuli na vikombe kwa mkono, kisha ninavichoma kwa kuni ndani ya pipa la lita 200 nililolizungushia matofali. Nilisoma kwamba Wachina wa kale walipata glezi kutokana na majivu, nikachekecha majivu ya jikoni, nikayachanganya na udongo kidogo na maji, nikapaka. Bakuli lilitoka na unga mweupe unaofutika kwa kidole. Nilipoongeza magadi, sehemu chache ziling'aa, lakini ukingo wote uliota ukoko mweupe. Je, kosa liko kwenye majivu, kwenye magadi, au kwangu? Na vikombe vikishang'aa, ninaweza kuwapa wageni wanywee chai? – Msomaji wa Rau, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, kilichokukwamisha ni joto, na magadi yamekuletea tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Glezi ni kioo kilichoyeyukia juu ya chombo na kushikamana nacho. Ili kipatikane, vinahitajika vitu vitatu: silika, yaani madini ya mchanga, ambayo ndiyo mwili wa kioo chenyewe, alumina, ambayo hutoka kwenye udongo na kukizuia kioo kisitiririke hadi chini ya chombo, na kiyeyushi, yaani kitu cha kushusha joto la kuyeyuka, kwa sababu silika ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, joto ambalo tanuri la mfinyanzi halilifikii. Majivu ya kuni yana chokaa kwa wingi na potasiamu kiasi, na vyote viwili ni viyeyushi, ila chokaa haianzi kazi hiyo sawasawa mpaka tanuri likaribie nyuzi 1,200. Wachina uliowasoma walilifikia joto hilo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Pipa lako, hata likichochewa kwa kuni kavu za miti ya kahawa, si rahisi lipite nyuzi 900. Unaweza kulikagua bila kifaa chochote kwa kuchungulia usiku kupitia tundu dogo: wekundu hafifu unaoanza kuonekana gizani ni nyuzi 600 hivi, rangi ya chungwa ni kati ya 900 na 1,000, na manjano ni 1,100 au zaidi. Nadhani hujawahi kuyaona hayo manjano.

Huenda ukashawishika kujenga tanuri kali zaidi. Mimi sikushauri, angalau kwa sasa, kwa sababu udongo wa matofali una chuma kingi, na aina nyingi za udongo kama huo huvimba, hulegea na kuporomoka kabla hata ya kufika nyuzi 1,200; utapata glezi nzuri juu ya bakuli lililojikunja. Njia iliyo nafuu ni kuishusha glezi ilifuate tanuri. Ukiongeza matofali ya kuhifadhi joto, mfuniko unaoziba vizuri na bomba la moshi lililo refu ili moto uvute, utafika nyuzi 1,000, na hapo kuna mengi yanayowezekana.

Sasa tuje kwenye magadi. Kwa haki, wazo lako halikuwa baya, maana magadi ya Ziwa Natron ni chumvi za sodiamu, na sodiamu ni kiyeyushi kikali kinachofanya kazi katika joto la chini. Shida ni kwamba magadi huyeyuka ndani ya maji. Unapopaka mchanganyiko wako, maji yanazama kwenye vinyweleo vya bakuli yakiwa yamebeba magadi. Bakuli linapokauka, maji yanatoka kwa kasi zaidi pale penye upepo, yaani ukingoni, na magadi yanasafiri nayo na kuachwa hapohapo. Huo ndio ukoko uliouona. Aidha, magadi ya kaskazini yana floridi, ile inayoharibu rangi ya meno, jambo ambalo wakazi wa Arusha wanaoyatazama meno ya watoto wao hawahitaji kuelezwa, kwa hiyo moshi wa tanuri lenye magadi usiuvute.

Dawa yake ni kuyayeyusha magadi pamoja na mchanga kwanza, mpaka yawe kioo kisichoyeyuka majini, kisha kioo hicho kisagwe na kupakwa. Kazi hiyo tayari imekwisha kufanywa na viwanda. Chupa ya kawaida ya soda au bia ni mchanga uliounganishwa na sodiamu na chokaa: takriban asilimia 70 ni silika, na sodiamu na chokaa huchukua karibu sehemu yote iliyobaki. Ndiyo maana ninakushauri uache magadi yapikie makande, nawe uchukue chupa zilizopasuka.

Zioshe, ziondoe karatasi, zipashe moto hadi ziwe za moto sana, kisha zitumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji baridi. Zitapasuka vipande vidogo vinavyopondeka kwa urahisi. Vaa miwani na glavu nene. Pondea kwenye kinu cha chuma kikiwa na maji, wala usiponde vikavu, kwa kuwa vumbi la kioo na la silika likiingia mapafuni halitoki, na wachimbaji wa Mererani wanaijua habari hiyo kuliko sisi. Kinu hicho kisirudi tena jikoni. Chuja kwa kitambaa chepesi cha nailoni, acha unga utuame, mwaga maji ya juu, ukaushe.

Kioo peke yake hakitoshi, kwa maana kitatuama chini ya ndoo kama mchanga na, kikishapakwa, kitapukutika. Anza na sehemu 8 za unga wa kioo kwa sehemu 2 za udongo mweupe. Kaolini ya Pugu, kule Kisarawe, inafaa sana, na ukiikosa, tumia udongo wako mwekundu uliochujwa, ukijua kwamba glezi itakuwa ya kahawia. Katika kundi la pili la majaribio, weka sehemu 7 za kioo, 2 za udongo na 1 ya boraksi, ile wanayoitumia masonara kuyeyushia dhahabu. Boraksi hushusha joto la kuyeyuka. Nayo pia huyeyuka majini, ndiyo maana ninasema iwe kidogo na mchanganyiko utumike siku hiyohiyo. Iweke mbali na watoto.

Usijaribie kwenye bakuli ulilolihangaikia. Kata vipande vya udongo vyenye urefu wa kidole, vikunje kidogo chini viweze kusimama, chora namba kwa msumari vikiwa vibichi, maana kalamu huungua na kupotea, kisha vichome mara ya kwanza bila glezi. Kipande kilichochomwa hivyo hunywa maji ya glezi na kuacha unga juu yake. Unga huo uwe na unene wa milimita 1 hivi, na mchanganyiko uwe mzito kiasi cha mtindi uliopigwa. Acha nusu sentimita chini pasipo na kitu, ama sivyo kipande kitagandamana na sakafu ya tanuri. Andika daftarini namba, vipimo, mahali kilipokaa kwenye tanuri na rangi ya moto uliyoiona. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Watu wengi huipuuza kazi hii kwa kuiona ya kikarani, na hao ndio wanaopata kikombe kimoja kizuri ambacho hawawezi kukirudia maisha yao yote.

Moto ukizimika, usifungue. Chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo hubadilika umbo ghafla joto linapopita nyuzi 573, likipanda au likishuka, na chombo kinachopitishwa hapo kwa haraka hupasuka. Subiri hadi kesho yake. Ukiona glezi imeng'aa lakini ina mtandao wa nyufa nyembamba, maana yake ni kwamba kioo kimesinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa, na kioo cha chupa kina tabia hiyo. Boraksi hupunguza tatizo. Silika pia husaidia, na wewe uko karibu na mashamba ya mpunga ya Chekereni: maganda ya mpunga yakiungua yote, majivu yake karibu yote ni silika. Ongeza kidogo kidogo, kwa sababu kila kijiko kinapandisha joto linalohitajika, na hayo majivu pia usiyachekeche bila kufunga barakoa.

Kuhusu chai ya wageni, jibu ni bado. Glezi yenye nyufa huhifadhi mabaki ya maziwa ambayo sabuni haiyafikii, na udongo wa nyuzi 1,000 bado unanywa maji chini yake. Hata glezi isiyo na ufa, mimina ndani yake maji ya limau, iache usiku kucha, kisha utazame kama sehemu hiyo imepauka au imebadilika rangi. Ikibadilika, kikombe hicho ni cha kuwekea kalamu. Isipobadilika, bado hujathibitisha kwamba ni salama. Umethibitisha tu kwamba haikushindwa mapema. Kwa sasa fanya vyombo vya maua, vya mishumaa na vigae vya ukutani, ambavyo kwa mtu anayetafuta rangi vina uwanja mpana kuliko kikombe.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Sakina, Arusha. Nimejiunga na wenzangu kufinyanga vyungu kwa namna tuliyowaona mama zetu wa Upareni wakifanya. Vyungu vyetu vinavuja kidogo. Vijana wananiambia nivipake glezi ndani ili vipikie maharage bila kuvuja. Ni sahihi?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Vijana wanisamehe, lakini si sahihi. Chungu cha kupikia kinastahimili moto wa mafiga kwa sababu hakikukazana: kimechanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, kimechomwa kwa joto la chini, na kimejaa vinyweleo vinavyouacha udongo utanuke upande wa moto huku upande wa pili ukiwa bado wa baridi. Ukikibandika kioo kwa ndani, unaunganisha vitu viwili vinavyotanuka tofauti, na siku ya tatu au ya nne utaokota vipande vya glezi kwenye maharage.

Kuvuja kuna tiba yake ya jadi, nayo inatosha. Kabla chungu hakijapoa baada ya kuchomwa, kipakwe maji mazito ya wanga. Au kikishapoa, kipikie uji mwepesi kwa moto mdogo, uuache ulale ndani, umwage asubuhi. Wanga huingia kwenye vinyweleo na kuviziba, na kila unapopika, kinakaza zaidi. Pia kusugua ndani na nje kwa kokoto laini udongo ukiwa umeanza kukakamaa, kabla haujakauka, hupunguza uvujaji kuliko watu wanavyodhani, na huleta mng'ao ambao wengi huudhania kuwa glezi. Kama kikundi chenu kinapenda glezi kwa ajili ya uzuri, ipakeni kwenye vyombo visivyokwenda motoni.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili ameipenda shughuli hii. Anataka kutengeneza rangi za glezi kwa unga mweusi wa betri za redio na nyaya za shaba. Nimruhusu? – Mzazi, Usa River.

JIBU: Betri, hapana. Ni kweli kwamba unga mweusi wa betri za redio una manganizi, ambayo wafinyanzi huitumia kupata kahawia na zambarau, lakini umechanganyika na vitu vingine, na moshi wa manganizi hudhuru ubongo. Betri ya gari ni mbaya zaidi kwa kuwa ina risasi, na asiiguse kabisa.

Shaba, ndiyo, kwa masharti. Waya uliovuliwa plastiki, ukichomwa mara kadhaa, huota magamba meusi. Magamba hayo yakisagwa na maji na kuongezwa gramu 2 kwa kila gramu 100 za glezi hutoa kijani. Plastiki isichomwe, aivue kwa kisu. Chombo chenye kijani hicho kisitiwe mbege, limau wala siki, kwa kuwa uchachu huing'oa shaba kutoka kwenye glezi.

Aanze na udongo mwekundu wa uani kwenu. Auloweke, auchuje kwa kitambaa, achukue ule laini unaotuama mwisho, aukaushe, kisha aongeze kwenye glezi gramu 5, gramu 10 na gramu 20 kwa kila gramu 100, kila kiasi kwenye kipande chake. Chuma kilichomo kitampa rangi za kuanzia asali hadi kahawia nzito, bila gharama na bila sumu, na vipande hivyo vitatu vitamfundisha kupima kabla hajakutana na vitu vya hatari.