Barua kwa Mwanangu: Doa Limekatwa, Tezi Bado Inapimwa

Mwanangu mpendwa,

Unauliza kwa nini daktari, aliyekwisha kulikata lote lile doa jeusi la mgongoni mwa baba yako, saratani ya ngozi iitwayo melanoma, bado anataka kuitoa tezi moja ya kwapani aipime. Nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye hadubini miaka yote niliyofanya kazi maabara.

Seli inayotengeneza rangi ya ngozi, melanosaiti, hukaa chini kabisa ya tabaka la nje, ikiwa na matawi membamba yanayozigusa seli jirani zipatazo 36 na kuzigawia rangi. Jirani hao huishikilia kwa protini iitwayo E-kadherini, na mshiko huohuo ndio unaoituliza isizaliane ovyo. Melanoma ni saratani ya seli hii; inapokomaa, seli zake huiacha protini hiyo na kutumia N-kadherini, ambayo hunata kwenye seli za tishu ya chini na za kuta za mishipa ya damu. Hapo waliokuwa wakiizuia hawaisikii tena, na inaelewana na walio njiani.

Kinachonishtua zaidi ni vifuko inavyovimwaga, vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150, vilivyojaa protini na vipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni. Mwaka 2012 kikundi cha David Lyden huko New York kilionyesha kwa panya kwamba vifuko vya melanoma huilegeza mishipa ya damu mapafuni na kuzifundisha seli za uboho kuusaidia uvimbe usambae. Yaani, mwanangu, ujumbe hutangulia, na seli zenyewe hufuata mahali palipokwisha kuandaliwa. Hata askari wa kinga hutulizwa, kwa protini ya PD-L1 inayowaambia wasishambulie. Dawa za kuukata ujumbe huo zipo, na msingi wake uliwapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Sasa rudi kwapani. Tezi anayoitaka daktari ndiyo ya kwanza kupokea maji ya limfu, yaani majimaji yanayotiririka kutoka kwenye tishu, ya pale palipokuwa na doa, kwa hiyo seli iliyotoroka kabla ya kisu huelekea kunaswa humo kwanza. Kisu kimeondoa kilichoonekana. Tezi itatuambia kama kuna kilichotangulia, na matibabu yatapangwa kwa jibu hilo.

Baba yako amekubali, ingawa usiku halali vizuri. Mpigie simu leo, umweleze haya kwa sauti yako.

Mama yako