Jibu: Penye "kazi" niandike nini?

Dada, umeuliza ujaze nini penye "kazi" kwenye fomu ya mkopo, wakati unauza ngisi wakavu pale Feri. Usiandike "sina", wala "mjasiriamali" peke yake. Siku hizi nani si mjasiriamali? Andika: nimejiajiri, muuza ngisi na dagaa wakavu, Feri, Mtwara.

Najua mtaani tukiulizwa tunajibu "nabangaiza tu" kukwepa kijicho. Ofisa mikopo yeye anataka bidhaa, mahali, na pesa inaingia lini. Mwambie wazi kwamba mauzo yako hupanda minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi, wakulima wakishalipwa. Omba marejesho yafuate msimu huo. Ukiwa na mikorosho yako Nanyamba, itaje pia. Na daftari la mauzo usilisahau nyumbani.