Kabla Hujakata Tiketi ya Eneo Ambalo Bado ni Matope

Mpwa wangu ana miaka 16 sasa, na juzi usiku kanitumia picha ya matope. Hakuna salamu wala shikamoo. Matope tu, yaliyopigwa picha kutoka angani, na chini yake kaandika: "Mjomba, unauona huo mduara? Hapo ndipo ngome ya Maleficent."

Nikaikuza picha mpaka ikaanza kumeguka vipandevipande. Mduara niliuona kweli. Inawezekana ni ngome. Inawezekana vilevile ni mahali ambapo malori ya kifusi yanageuzia.

Kwa asiyefuatilia mambo haya: Agosti 2024 Disney walisimama mbele ya ukumbi uliofurika wapenzi wao, wakatangaza kwamba Magic Kingdom, bustani yao ya burudani kule Florida, itapata eneo zima la wabaya wa hadithi zao, kama huyo mchawi Maleficent, liitwalo Villains Land, na eneo jingine la magari ya filamu ya Cars. Ule mto wa kuchimbwa uliokuwapo tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1971, pamoja na meli yake ya gurudumu la nyuma, ukafungwa Julai 2025. Tangu hapo kuna watu wazima, wenye kazi na mikopo ya nyumba, ambao kitu cha kwanza wakiamka ni kutazama picha za tingatinga. Mimi ni mmoja wao. Ugonjwa huu ninao tangu 2015, umenila fedha, na mara moja ulimliza mtoto. Ndiyo maana nimeona niandike, maana wanaoniuliza "tukate tiketi lini?" wamekuwa wengi.

Aliyekulia Tanzania hahitaji kufundishwa hali hii. Ni dirisha la usajili. Mtu kamwona mchezaji uwanja wa ndege, mwingine shemeji yake anafanya kazi hotelini, wa tatu ana picha ya mgongo wa mtu ambaye nywele zinafanana. Simba na Yanga wanaweza wasisajili yeyote kati yao, na bado wiki zile tulizifurahia. Tofauti ni moja. Hakuna anayeuza mbuzi kwa sababu ya mshambuliaji wa tetesi. Sisi wa bustani za burudani tunakata tiketi za ndege kabisa.

Tuanze na hayo matope, na swali la kwanza liwe: ni matope ya nani? Mpwa wangu na akili zake zote hakujiuliza. Picha yake ni ya pale palipokuwa mto, na mto uliokaushwa ni sehemu ya Cars. Villains walitangaziwa nafasi nyuma ya Big Thunder, ule mlima wa treni ya mgodini. Kwa hiyo kama mduara ule ni wa ngome, basi Maleficent kahamia kwa magari. Kosa hili naliona kila wiki: picha ni ya kweli, tarehe ni ya kweli, maelezo ndiyo ya kubandika.

Kinachofungwa huwa kinasema kuliko kinachotangazwa. Kampuni inaweza kuchora chochote, lakini kuzima kitu kinachoingiza watu kila siku ni gharama, na hakuna anayeingia gharama hiyo kwa mzaha. Januari 2016 walipofunga mto na reli ya Disneyland kule California ili kupisha Star Wars: Galaxy's Edge, eneo la sinema za Star Wars, ndipo nilipoamini kwamba jambo lililotangazwa Agosti 2015 lina miguu. Mto ulirudi Julai 2017, umefupishwa, na nyuma yake kuna miamba mipya inayoficha ekari 14 za ujenzi. Sisi tulikuwa tunapanda ghorofa za kuegeshea magari kuchungulia nguzo za chuma. Nguzo, jamani! Nilikuwa na picha za nguzo kwenye simu kuliko picha za mama yangu.

Baada ya kufungwa, fuata karatasi. Florida ni nchi ya vinamasi, na anayetaka kumwaga zege lazima aonyeshe maji ya mvua yatakwenda wapi. Maombi hayo yanapelekwa kwenye mamlaka ya maji ya Florida Kusini na ni kumbukumbu za umma, yeyote anaweza kuyafungua. Michoro yake haikuambii ndani ya jengo mna nini, ila inakuonyesha ukubwa wa jengo na mahali lilipo. Sanduku kubwa lisilo na dirisha hata moja si duka la fulana. Hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, zina uzito mdogo zaidi. Makampuni haya huandikisha uvumbuzi mwingi ambao hautakuja kujengwa, ili tu mpinzani asiuwahi. Kwa hiyo ukisikia "wana hataza ya kiti kinachoruka," jibu "hongera zao" na uendelee na kazi yako.

Michoro ya rangi ndiyo imetupoteza wengi. Mchoraji halipwi kwa kufuata bajeti, analipwa ili mate yakutoke. Septemba 2022 Disney hao hao walionyesha mawazo ya nini kingekaa nyuma ya Big Thunder: kijiji cha filamu ya Encanto, kitu cha filamu ya Coco, na pengine wabaya. Walisema wazi kwamba ni mawazo. Lakini kufika jioni, nusu ya marafiki zangu walikuwa wanagombana mlango wa Encanto utaelekea upande gani. Miaka miwili baadaye Encanto ilikuwa imepelekwa Animal Kingdom, bustani yao nyingine ya Florida, Coco imevuka nchi nzima hadi California, na wabaya peke yao ndio waliobaki pale pale. Wahenga wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapa laja, sawa, ila huenda likashukia kituo kingine.

Ndiyo maana siku hizi nasikiliza vitenzi. "Tunatafakari" ni maongezi ya kahawa. "Tutajenga" ni ahadi, ila haina saa. "Tumeanza kuchimba" hapo weka akiba. Wakitaja msimu, mathalani kiangazi cha mwaka fulani, wewe ongeza akiba lakini usiguse tiketi. Mambo huharibika bila kosa la mtu: Universal, wapinzani wa Disney, walitangaza bustani yao mpya ya Florida, Epic Universe, Agosti 2019, korona ikaingia, kazi ikasimama 2020, ikaanza tena 2021, milango ikafunguliwa Mei 22, 2025. Aliyekuwa na mtoto wa miaka minane siku ya tangazo alimpeleka kijana mwenye sauti nzito.

Sasa niseme la kwangu.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba Galaxy's Edge ya California itafunguliwa kiangazi cha 2019. Kiangazi tu, bila siku. Februari 2019 mimi, mtu mwenye akili timamu, nikawakatia dada yangu na mwanawe tiketi za ndege kutoka Texas waje katikati ya Juni, tiketi zisizorudishika. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeshamwahidi mchezo mkubwa, Rise of the Resistance, ule wa kukamatwa na kuingizwa ndani ya chombo cha maadui. Mwezi mmoja baadaye ikatoka taarifa rasmi: eneo linafunguliwa Mei 31, Rise itafuata baadaye mwakani, na mpaka Juni 23 haingii mtu bila nafasi aliyoiomba kabla. Taarifa ilikuwa wazi kama mchana. Niliisoma. Kisha nikaenda kutafuta watu wa kuniambia ninachotaka kusikia, nikawapata: "Watafungua kimyakimya Juni kwa majaribio, kuna mtu wa ndani kasema." Sikumwambia dada chochote.

Nafasi hizo, kila moja ya muda wa saa nne tu, zilianza kutolewa Mei 2 na ziliisha kwa takriban saa mbili. Nilipata ya jioni. Tiketi ya siku moja mwaka ule ilikuwa kati ya dola 104 na 149 kutegemea siku, mara watu watatu, juu ya ndege. Tukaingia tukiwa na vikuku vya rangi mkononi. Na nikiri, ni mahali pa ajabu. Hakuna bango linalokuambia uko kwenye bustani, vibao vimeandikwa kwa herufi zao wenyewe, na chombo cha anga cha sinema hizo, Millennium Falcon, kimekaa pale kikubwa kama kilivyo. Tukaingia kukirusha. Mnakaa watu sita: marubani wawili, wapigaji wawili, mafundi wawili. Mpwa akawa rubani, dada yangu akawa fundi, akibonyeza kila kitufe kinachowaka huku akiniuliza, "Hiki ndicho ulichotupandishia ndege?" Tukanywa na yale maziwa ya bluu. Yanatengenezwa kwa nazi na mchele, yamegandishwa. Dada akaonja, akanitazama: "Kaka, huu si wali wa nazi uliosahaulika frijini?"

Kisha mtoto akauliza Rise iko wapi. Nilimpeleka mpaka kwenye lango lililofungwa, tukasimama kama tunasubiri mtu. Hakupiga kelele. Alilia kimya, na kilio cha aina hiyo ndicho kibaya zaidi.

Kuna la pili ambalo sikuliona siku ile, dada ndiye aliyeniambia usiku. Miaka minne ya kuchambua nguzo na michoro ilinifanya nisifunge mdomo. Kila kona nilitangulia: sasa kulia utaona hiki, sasa sikiliza sauti itakayotoka pale. Mtoto alinivuta shati mara moja akasema, "Mjomba, niache nione." Nilicheka tu, nikaendelea kuhubiri.

Kwa hiyo ukiwa na watoto, jambo ambalo halina tarehe usiwatajie. Wewe kaa na tetesi zako na watu wazima wenzako. Na ukishakata tiketi, acha kutazama. Tuko wengi tulioingia eneo jipya tukiwa tunakagua tu kama waliomaliza ujenzi walifuata picha yetu.

Kuhusu siku ya kwanza, ushauri wangu utawaudhi wengine: usiende, isipokuwa unaishi jirani. Lakini pia usitishike na msongamano unaotabiriwa. Kiangazi kile cha 2019 kila mtu aliogopa kukanyagwa, hoteli za jirani zikapandisha bei, na matokeo yake bustani ikawa na nafasi kuliko ilivyodhaniwa. Bob Iger mwenyewe, bosi wa Disney wakati ule, alilieleza hilo mwezi Agosti. Waliokwenda Julai bila mbwembwe walitembea kwa raha. Unachotaka ni kipindi ambacho kila kilichoahidiwa kimeshafunguliwa na hitilafu za mwanzo zimeanza kurekebishwa.

Rise ilifunguliwa Florida Desemba 5, 2019, na California Januari 17, 2020. Februari niliwaleta tena, kwa gharama yangu, na safari hii sikusema neno. Utaratibu ulikuwa lazima uwe umeshaingia ndani milango inapofunguliwa, ndipo uombe kwenye simu kundi la zamu ya kupanda mchezo, na makundi yaliisha kwa dakika chache. Tuliamka saa kumi alfajiri. Dada alishika simu moja, mimi moja, mtoto ya mama yake ya zamani. Iliyofanikiwa ni ya mtoto. Pale mlango ulipofunguka na mbele yetu wamesimama askari weupe wamejipanga safu kwa safu, kimya, nilijua hesabu yao. Nilikuwa nimeisoma. Nikang'ata ulimi. Mtoto akaanza kuwahesabu mwenyewe kwa kidole, akapotea, akaanza upya.

Mwezi uliofuata bustani ikafungwa kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya korona.

Juzi nikamjibu kuhusu ile picha: hayo matope ni ya Cars, soma ramani kwanza, na hakuna kukata tiketi mpaka itajwe siku, siyo msimu. Akaandika "Sawa Mjomba," kisha dakika mbili baadaye, "lakini kuanzia sasa usinitumie kitu chochote cha ndani." Nimekubali. Picha yenyewe bado ninayo, nimeikuza tena asubuhi hii. Pembeni ya pale malori yanapogeuzia kuna kitu cha mstatili, na hicho hakionekani kama barabara.